Ruzuku Ianze na Kipimo

Mimi ni bwana shamba hapa Kikwe. Utauliza, bwana shamba na malaria wapi na wapi? Ngoja nikueleze.

Nilikwenda kwa mfugaji mmoja kuona ng'ombe aliyetupa mimba. Nilimkuta mwenyewe amelala, ana homa. Alikuwa amekwisha nunua dawa mseto mara mbili. Nikamwuliza, "Mzee, umepimwa?" Akajibu, "Kupima kuna gharama, bwana shamba. Dawa ni rahisi." Alipopimwa, hakuwa na malaria. Alikuwa na brusela, ugonjwa ambao mtu huupata kwa ng'ombe na kwa maziwa mabichi.

Moshi si mbali na kwetu. Mwaka 2007 na 2008 wataalamu walichunguza wagonjwa 870 wa homa waliolazwa hospitali huko. Zaidi ya nusu waliambiwa wana malaria. Waliokuwa nayo kweli ni 14 tu. Wengine walikuwa na brusela, homa ya mgunda na magonjwa mengine.

Sasa tuzungumze juu ya bei. Dawa mseto ilipotiwa ruzuku, bei ilishuka. Ni jambo jema, maana malaria huua, na maskini naye apate dawa. Lakini mwaka 2009 jambo hilo lilijaribiwa magharibi ya Kenya. Karibu nusu ya dawa za ruzuku zilikwenda kwa watu wasio na malaria.

Baadaye, huko Bungoma, ilijaribiwa njia nyingine. Mhudumu wa afya wa kijiji alimpima mgonjwa bure. Aliyekutwa na malaria alipewa vocha ya kununua dawa dukani kwa bei ndogo. Asiye nayo hakupewa. Watu waliopimwa wakaongezeka.

Vocha tunaijua sisi wakulima, tulipewa za mbolea na mbegu. Mimi naipenda njia ya Bungoma. Ruzuku ianze na kipimo, ndipo ifuate dawa. Hata mbolea nasema hivyo hivyo, pima udongo kwanza, ingawa wengi hunicheka.

Kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidoleni. Majibu hutoka kabla ya nusu saa. Ukiambiwa huna malaria, usikimbilie dukani. Mwulize mganga, "Basi homa hii ni ya nini?" Na umweleze kama unafuga, na kama nyumbani mnakunywa maziwa bila kuchemsha.