Na Gari la Marehemu, Kutoka Malindi hadi Likoni

Tuliondoka Malindi siku ya Jumatatu baada ya sala ya alfajiri, tukifuatana na kijana wa marehemu ndugu yetu, mwenye umri wa miaka kumi na tisa. Yeye ndiye aliyeshika usukani, nasi tukaketi kando yake na bahasha ya karatasi mapajani. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha gari, hati ya usimamizi wa mirathi tuliyopewa na Mahakama ya Kadhi, na kipande cha karatasi ambacho shemeji yetu, mjane wa marehemu, alikuwa amekiandika kwa mkono wake: 1,000,000.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Fielder la mwaka 2011, rangi ya fedha. Marehemu alilinunua mwaka 2018, mara tu lilipotoka bandarini, kwa shilingi 1,050,000, na tangu siku hiyo kazi yake ikawa kubeba samaki. Nguru, changu na tasi waliovuliwa usiku walitiwa katika masanduku ya barafu, na jua lilipotoka walikuwa tayari wamefika Kongowea. Kwa hiyo njia hii gari liliijua kuliko sisi. Kijana alituonyesha kibanda cha Gede ambapo baba yake alikuwa akisimama kunywa chai, na mahali pa kupunguza mwendo msitu wa Arabuko-Sokoke unapokaribia barabara upande wa kulia, kwa kuwa nyani hutoka ghafla.

Tulipofika daraja la Kilifi tulimwomba asimame kidogo. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1991. Kabla ya hapo sisi watu wa Malindi tulivuka hori kwa feri, na safari ya Mombasa haikuwa na saa maalumu. Tukiwa tumesimama pale, upepo ukiingia madirishani, tulinusa udi. Shemeji alikuwa amelifukiza gari siku tatu mfululizo ili kuondoa harufu ya samaki, na kwa kweli alifaulu. Hapo ndipo swali la kwanza la safari lilipotujia. Je, udi ni usafi, au ni kuficha aibu ya bidhaa? Mtu akiuza nyumba huipaka chokaa, wala hakuna anayemlaumu. Lakini harufu ile ilikuwa dalili ya jambo jingine. Maji ya barafu yenye chumvi yalikuwa yakimwagika miaka sita juu ya bati la sakafu ya nyuma, na chini ya zulia bati hilo lilikuwa limeanza kuliwa na kutu. Tukaazimia kwamba kila atakayekuja kulitazama gari, zulia tutalifunua sisi wenyewe kabla hajauliza.

Inafaa tueleze kwa nini jambo hili lilitushughulisha hivyo. Mali haikuwa yetu. Marehemu aliacha mjane, mwana mmoja na mabinti wawili ambao hawajabaleghe, na kwa kuwa yupo mtoto wa kiume, sisi ndugu hatukuwa na fungu. Tulikuwa wasimamizi tu. Mwenye gari lake akitaka kumpunguzia mnunuzi laki moja kwa ukarimu wake, ni hiari yake. Msimamizi wa mali ya yatima hana ukarimu huo. Akiuza kwa bei ya chini kwa uvivu au kwa kuona haya, amewapunja wasioweza kumdai. Na akiuza kwa bei ya juu kwa kunyamazia kasoro, amemdhulumu mnunuzi kwa jina la yatima. Bei tuliyokuwa tukiitafuta ilikuwa katikati ya hofu hizo mbili, na ile milioni ya shemeji haikuwa humo. Alikuwa amechukua fedha alizolipa mumewe akaondoa kidogo, kama wafanyavyo watu wengi. Lakini soko halijui ulinunua kwa kiasi gani.

Baada ya mashamba ya mkonge ya Vipingo tulikwama Mtwapa katika msongamano na vumbi la upanuzi wa barabara, kisha tukaingia Nyali. Huko, kama ilivyo katika mitaa kadhaa ya Mombasa, ziko yadi za magari yaliyotoka Japani, yamepangwa kama misahafu rafuni. Bei ya magari hayo ndiyo dari ya bei ya gari lolote lililokwisha kutumika hapa nchini, kwani hakuna mwenye akili atakayenunua la hapa kwa bei ya lile lililoshushwa jana. Na dari hiyo haitulii. Sheria hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo kila Januari mwaka mmoja wa magari hufungiwa mlango. Juu ya bei ya Japani na nauli ya meli huja ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16 na ada nyinginezo, na vyote hivyo huhesabiwa kwa shilingi yetu inayopanda na kushuka. Mwanzoni mwa mwaka huo wa 2024 dola moja ilipita shilingi 160. Tulipofunga safari ilikuwa karibu 130. Aliyepanga bei yake kwa hesabu ya Januari alikuwa akingoja mnunuzi ambaye hangekuja.

Mwenye yadi mmoja alilizunguka gari mara moja, akasema, “Laki tano na ishirini, taslimu, leo.” Kijana alikasirika. Sisi hatukuona kosa. Yule bwana lazima alitengeneze, aliweke miezi, alipe kodi ya kiwanja, kisha apate faida. Bei ya mfanyabiashara ni sakafu, na ni vizuri kuijua, ili usije ukauza chini yake kwa mtu wa kawaida.

Baina ya dari na sakafu tulitafuta kwa njia iliyopo. Kijana alifungua simu akasoma matangazo ya magari ya aina ile, ya mwaka ule, yaliyotembea kiasi kile, yaani kilomita 187,000. Waliotangaza walitaka baina ya 780,000 na 900,000. Lakini hizo ni bei za kutaja, si bei za kuuzia. Tukawapigia watu wawili tunaowafahamu ambao walikuwa wameuza magari ya namna hiyo mwaka huo. Mmoja alipata 745,000, mwingine 730,000, na yote mawili hayakuwahi kubeba hata dagaa. Tukakadiria kwamba gari zima la aina hii ni 740,000. Kijana akatangaza kwa 760,000, na kabla ya adhuhuri mtu wa Mtwapa akapiga simu. Alikuwa na haraka. Alisema atatoa 700,000, atakuja kesho asubuhi, na hana haja ya fundi.

Alituchangamsha, hatukatai. Hata hivyo tulikuwa tumeahidiana na fundi mmoja wa Majengo, na ahadi ni ahadi. Aliliendesha gari hadi injini ikapata moto vizuri, akasimama, akaondoka tena polepole, na gari likatetemeka kama mtu mwenye homa. Akarudia mara tatu. “Maalim,” akasema, “hili si la kubadilisha mafuta. Ni giaboksi yenyewe.” Alikadiria 55,000 kwa giaboksi iliyotumika pamoja na ufundi, 18,000 kwa shokomzoba za nyuma, na 25,000 kukata bati lililooza na kuunga jipya. Asubuhi, injini ikiwa baridi, mtetemeko ule hauonekani kabisa. Na mtu wa Mtwapa alikuwa anakuja asubuhi.

Usiku huo tulikaa Makadara na kahawa chungu. Dalali mmoja aliyesikia habari zetu alijiunga nasi bila kualikwa, akatoa shauri lake. Tusimwambie mtu lolote, naye ataleta rafiki wa kujifanya anataka gari kwa 730,000, ili huyu wa Mtwapa asirudi nyuma. Hiyo ndiyo najshi ambayo tumekuwa tukiwasomesha vijana kwa miaka, na hapa ilikuja ikiwa imevaa kanzu safi na kutuagizia kaimati. Tulimshukuru kwa kaimati. Kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, “Ami, laki saba ni ada ya dada zangu.” Hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwuliza tu, lau baba yake angekuwa hapa, na gari ni lake, angesemaje simuni. Hakujibu, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyempigia yule mtu, akamweleza habari ya giaboksi, ya bati, hata ya samaki. Simu ilikatwa kabla hajamaliza.

Tukafanya hesabu upya mezani. 740,000 ukiondoa 98,000 za matengenezo ni 642,000. Hiyo ndiyo tuliyoiona kuwa bei ya haki. Lakini ukitaja 642,000 hapa kwetu, mnunuzi ataanzia hapo kushuka, maana kupatana ni ada na asiyepunguziwa huona hakuheshimiwa. Tukataja 680,000, na katika tangazo tukaziandika kasoro zote tatu kwa majina yake. Kijana alidhani hakuna atakayepiga. Walipiga wanne, na hakuna hata mmoja aliyepoteza wakati wetu.

Wa tatu alikuwa mwalimu wa sekondari wa Likoni. Tulivuka kwa feri Jumanne baada ya adhuhuri, gari likiwa kati ya mikokoteni na umati wa watu. Alitungoja na fundi wake. Tulifunua zulia. Tukamwomba aliendeshe hadi lipate moto. Fundi wake alisema matengenezo ni laki moja na ishirini, wetu alikuwa amesema 98,000, na kila upande ukatoa karatasi yake. Mwalimu akataja 630,000. Tukamweleza kwamba mali ni ya yatima, tusiweze kushuka chini ya hesabu yetu, tukamwonyesha hesabu yenyewe. Aliisoma kama anayesahihisha mtihani. “Sheikh, basi 655,000, ila mniachie na tairi ya akiba mpya niliyoiona kule nyuma.” Tairi ilikuwa ya gari tangu hapo. Tukapeana mikono.

Fedha hazikupitia M-Pesa, ambayo kikomo chake ni 250,000 kwa muamala mmoja. Tulikwenda naye benki, na tulitoa funguo pale karani alipotuhakikishia kwamba zimeingia katika akaunti ya mirathi, si kwa kutazama ujumbe wa simu. Uhamishaji wa umiliki ulianzishwa kwenye eCitizen tukiwa tumekaa naye bega kwa bega, pamoja na hati ya Kadhi. Tuliandikiana pia karatasi yenye tarehe na saa ya kukabidhiana, ili akikamatwa na askari jioni ile, kosa lisiwe la marehemu.

Tulirudi kwa matatu. Shemeji alikuwa na daftari tayari. Kwanza tulitoa 15,000 za deni la fundi wa Malindi ambalo marehemu aliliacha, zikabaki 640,000. Thumni ya mjane, 80,000. Mwana, 280,000. Kila binti, 140,000. Aliyaandika yote kwa utulivu, kisha akauliza bila kuinua macho, “Na yule wa laki saba, shemeji, hakupiga tena?”

Tukamwambia hakupiga. Akafunga daftari, akaenda kutia chai.