Ng'ombe wa Zizini na Nyati wa Mlimani

Katika Gatuanyaga, mashariki ya mji wa Thika, mtu akiinua macho huuona mlima Kilimambogo ng'ambo ya Mto Athi. Jina lenyewe lasema kwamba mlima huo ni wa mbogo, yaani nyati, na tangu mwaka 1967 umekuwa hifadhi ya taifa. Kandokando yake watu hufuga ng'ombe. Basi mfugaji wa hapa huishi baina ya wanyama wawili: yule amkamaye na yule amwogopaye.

Nilipokuwa nikifundisha huko, kijana mmoja wa shule yetu alipata nafasi ya kwenda chuoni kusoma uthamini wa mifugo pamoja na utunzaji wa wanyama pori. Karo haikuweza kupatikana bila kuuza mtamba. Baba yake akaniuliza, "Mwalimu, kumpima ng'ombe ni elimu, nimekubali. Lakini niuze mtamba ili mwanangu akahesabu nyati?" Swali hilo halikuwa la ujinga, lilistahili jibu la haki.

Somo la kwanza lina faida iliyo wazi. Mwanafunzi hutazama meno ya mbele ya chini: meno 2 ya kudumu huonyesha umri wa miaka 2 hivi, na yakitimia 8, ng'ombe amefika miaka 4 au 5. Huzungusha utepe kifuani akakadiria uzito, kisha huchungua miguu, kiwele na mbavu. Ajuaye hayo hapunjwi sokoni kwa urahisi.

Nyati hakubali utepe. Habari zake husomwa katika nyayo, katika kinyesi, na zaidi katika majani: malisho yaliyopo yatawatosha wangapi? Hapo kinachopimwa si mnyama mmoja, bali nchi imlishayo.

Kinachoyaunganisha masomo haya ni maradhi. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe na nyati pamoja katika Afrika ya Mashariki. Baadaye, huko Muguga, Kiambu, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo bora ya ugonjwa huo. Ng'ombe walipochanjwa kandokando ya Serengeti, nyumbu, ambao hawakuchanjwa, walipona nao: wakaongezeka kutoka robo milioni hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha duniani. Lakini nyati hubeba vijidudu vya ndigana kali bila kudhurika sana, na kupe huweza kuvipeleka kwa ng'ombe alishaye mahali pale pale.

Nilimweleza mzee hayo yote. Alifikiri siku mbili, kisha mtamba akauzwa.

Kijana aendaye chuoni asilidharau somo la mnyama asiyekamwa. Kupe hajui mpaka wa zizi na hifadhi. Yapasa basi awepo mtu azijuaye pande zote mbili.