Kabla ya Kujenga Muyama

Ukifika Muyama, katika milima ya Buha, usiulize kwanza bei ya nyumba. Uliza habari za shamba. Zamani Muyama ilihesabiwa katika Kasulu, na tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Buhigwe. Hewa yake ni ya baridi. Migomba, maharagwe, muhogo na mahindi hulisha jamaa. Kahawa huleta fedha, lakini kwa msimu tu, na bei yake hupanda na kushuka.

Wakati wa Waingereza vijana wengi wa Kiha walikwenda Tanga kukata mkonge. Hata leo wako waendao mbali kutafuta mshahara, wakarudi na hamu ya nyumba ya matofali ya kuchoma na bati. Hamu hiyo ni njema. Lakini auzaye shamba ili anunue bati atalala pakavu, ila atalala njaa.

Tazama na maji pia. Nyumba ya kilimani hupendeza macho, lakini ndoo hupandishwa kichwani kutoka bondeni.

Basi ukipata mahali, usimalizane na mwenye kuuza faraghani. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 1999. Nenda huko pamoja na majirani mnaopakana nao, ukaombe hati ya hakimiliki ya kimila. Nawe baba, jina la mkeo liandikwe pamoja na lako. Kwani yeye ndiye alimaye, na siku utakapofariki, ndugu zako wasipate njia ya kumfukuza.