Mnyuzi, reli na ndoto ya kuigiza Korea

Mnyuzi, wilayani Korogwe, watu wamezoea kuwaona wenzao wakisafiri. Karibu na hapa reli ya Tanga inakutana na ile inayotoka Ruvu, iliyofunguliwa mwaka 1963, na treni ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha hupita na abiria wake. Jua likizama, vijana huelekea kibanda umiza.

Nilikwenda huko kuandika habari za kliniki ya watoto. Jioni mwenyeji wangu akanipeleka kibandani. Nilitarajia mpira, nikakuta tamthilia ya Korea iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, na watu kimya utadhani wako msikitini.

Jirani yangu alikuwa binti wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha nne. "Dada, wewe si mwandishi? Hivi kweli mtu wa huku anaweza kuigiza kule?" aliniuliza. Kisha akanionyesha ujumbe kwenye simu. Mtu anayejiita wakala alimwahidi kazi ya uigizaji Korea. Nauli angekatwa kwenye mshahara. Kwanza atume picha za mwili mzima na pesa ya fomu. Mama yake alishaanza kutafuta mteja wa mbuzi wawili.

Kuigiza kule inawezekana. Anupam Tripathi, Mhindi aliyeigiza kama Ali katika Squid Game ya mwaka 2021, alikwenda Korea Kusini mwaka 2010 kwa ufadhili, akasomea uigizaji chuo kikuu na kujifunza Kikorea. Kabla ya Ali alipitia nafasi nyingi ndogondogo. Yupo pia Jonathan Yiombi, mzaliwa wa Kongo, anayefahamika sana katika vipindi vya televisheni vya huko. Baba yake, Yiombi Thona, aliikimbia Kongo mwaka 2002 na kutambuliwa kuwa mkimbizi mwaka 2008. Jonathan amekulia Korea na anazungumza Kikorea kama mwenyeji. Hawa wawili wamepita njia tofauti, lakini wote lugha ndiyo iliyowafungulia mlango.

Njia ya mkato ina historia mbaya. Korea hutoa viza ya wasanii iitwayo E-6. Wapo wanawake, wengi kutoka Ufilipino, walioingia kwa viza hiyo wakidhani wanakwenda kuimba, wakajikuta kwenye baa za jirani na kambi za jeshi la Marekani. Walinyang'anywa pasipoti, wakalazimishwa kuwaburudisha wateja, na wengine kuuza miili. Katika kazi yangu nimejifunza kwamba mtu akirudi kutoka mahali pa namna hiyo, ugonjwa aliorudi nao huweza kutibiwa, lakini hofu na aibu hukaa naye miaka, na mara nyingi nyumbani hasemi.

Kwa hiyo mzazi, mtoto akikuambia habari ya Korea usimcheke wala usimkaripie. Muulize: Kikorea amefika wapi? Upo mtihani wa lugha uitwao TOPIK, na serikali ya Korea ina ufadhili wa masomo ambao Watanzania pia huomba. Muulize mkataba uko wapi, na nani ameusoma. Ubalozi wa Korea uko Dar es Salaam. Waulizwe kabla ya pesa kutoka. Na akitokea mtu wa kudai pesa na picha, polisi wapewe taarifa. Tanzania ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008.

Usiku ule binti alinipeleka kwao. Nikamwamkia mama, tukakaa mkekani, nikamweleza haya yote. Alimtazama bintiye kwa muda.

"Hicho Kikorea kinafundishwa wapi, mwanangu?"

"Hata kwenye simu, mama, mtu anaweza kuanza."

"Basi anza. Ukinisalimia kwa Kikorea nikaitikia, hapo tutazungumza habari ya mbuzi."