Gari la Mjomba linajiendesha (nusu)

Najua nimepotea. UE ilinikaba mpaka kooni, halafu nikaenda zangu Dar likizo. Sasa nimerudi, nipo chumbani huku Ng'ong'ona, mwenzangu kalala, umeme upo, nikaona niwape stori ya ile safari maana imegoma kunitoka kichwani.

Iko hivi. Mjomba alikuwa Dodoma kwa shughuli zake, akanipigia: "Mama, narudi Dar leo jioni, jiandae twende." (Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la bibi.) Treni ya SGR inapeleka abiria Dar tangu 2024 na mi ni mpenzi wake namba moja, ila boom lilishakata zamani na lifti ya bure ni lifti ya bure. Begi nilifunga dakika kumi.

Mjomba ana gari jipya. Jipya kwetu, maana limetumika Japani kwanza ndo likapanda meli. Aina yake siitaji, mjue tu kwamba lina mambo. Unalipangia mwendo, tuseme 80, linaushika lenyewe. Ukimkuta mtu mbele linapunguza na kumfuata kwa nyuma, akiongeza nalo linaongeza. Halafu kuna kamera imebandikwa juu ya kioo cha mbele kwa ndani, inasoma mistari ya barabara, na usukani unajivuta wenyewe gari libaki katikati. Tulipoiacha Kibaigwa Mjomba akabonyeza vitufe viwili, akaachia mikono, akaniangalia kama mtoto aliyepata A ya hesabu. "Unaona, mama? Linajiendesha."

Nilifurahi bwana, nisiwadanganye. Nikapiga na video. Kule kwenye milima ya Gairo alilizima mwenyewe, akasema kona nyingi. Morogoro tukala chipsi mayai, tukaendelea usiku.

Sasa Morogoro kwenda Chalinze wenye kuijua mnaijua. Malori ya Zambia na Kongo yamejipanga, giza, bodaboda bila taa. Tulikuwa tumeshaipita Mikese, tunafuata basi moja, gari linajiendesha zake, Mjomba anamenya chungwa. Ndiyo, chungwa! Mimi kazi yangu ilikuwa kumpigisha stori asisinzie, lakini nilikuwa kwenye simu.

Ghafla basi likachepuka kulia. Mbele yetu palikuwa na lori limesimama limekufa, halina taa hata moja. Matawi yalikuwa yamewekwa barabarani kama kawaida yetu, ila tulikuwa tumeshayakanyaga, nilisikia yakikwaruza chini. Na gari letu likaongeza mwendo. Naapa. Basi lilikuwa linaenda pole pole, lilipotoka mbele gari likaona njia nyeupe, likaanza kuutafuta ule mwendo wake wa 80. Mdada wa Kijapani aliyemo ndani ya dashibodi akasema kitu. Mjomba akatupa chungwa, akakata usukani kulia, na usukani ukamgomea kidogo, kama mtu anayekuvuta shati, kwa sababu hakuwasha indiketa na gari lilidhani anapotea mstari. Alishinda yeye. Kulia hapakuwa na gari linalokuja. Hiyo haikuwa akili ya mtu wala ya mashine, hapakuwa na gari tu.

Chalinze tulisimama. Mjomba aliagiza chai, kikombe kikawa kinagongana na sahani. Akasema, "Lingefunga breki lenyewe lile." Sikumjibu. Baadaye akasema, "Anti yako usimwambie." Sijamwambia. Nimewaambia nyie.

Nilipofika nyumbani nikaanza kusoma, si unajua mwalimu mtarajiwa hawezi kuacha kitu bila kukipekua. Kumbe lile lilivyofanya sio ubovu. Vitabu vya maelezo vya magari mengi ya namna ile vinaonya wazi: kifaa kinaweza kisimtambue aliyesimama, hasa pale unayemfuata anapochepuka ghafla. Rada inaona vitu vingi visivyotembea, daraja, vibao, vyuma vya pembeni. Ingefunga breki kwa kila kimoja msingefika popote. Kwa hiyo wengi wameifundisha kuvipuuza vingi. Kitabu cha Mjomba kipo kwenye droo ya gari, kimeandikwa Kijapani mwanzo mwisho. Na yule mdada naye, huenda alisema "angalia mbele", huenda alisema "karibu tena". Mjomba kamzoea kama redio.

Halafu kuna la kamera. Mwaka jana jiwe lilipasua kioo cha mbele, fundi akaweka kingine na kuirudisha kamera kwa gundi. Kamera zile baada ya kubadilisha kioo zinatakiwa kupimwa upya kwa vifaa maalumu, maana ikiinama kidogo tu, mita mia mbele inatazama kwingine kabisa. Fundi aliipima kwa jicho. Simlaumu, nani alimwambia?

Lakini mnajua kilichonikera zaidi? Sio gari. Ni lile chungwa. Mjomba sio mzembe. Ameendesha miaka ishirini, hajawahi kumenya kitu akiwa kwenye usukani. Kwa nini siku ile?

Jibu nililipata kwa kujikumbuka mimi mwenyewe. Kwenye BTP nilisimamia mtihani wa hesabu wa kidato cha pili, saa mbili na nusu, darasa zima limeinama, kimya. Nusu saa ya kwanza nilikuwa kama askari. Baada ya hapo nikaanza kuhesabu vioo vya dirisha, nikapiga hesabu ya boom, nikawaza nitapika nini. Nilikuwa nimefumbua macho, natembea kabisa! Mwalimu wa taaluma akaingia, akaokota karatasi ya majibu chini ya dawati nililolipita labda mara sita. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikiwa nafundisha sijawahi kusinzia hivyo, hata kipindi cha mwisho mchana na njaa. Kufundisha ni kufanya. Kusimamia ni kungoja kosa ambalo halitokei, halitokei, halitokei, halafu likitokea wewe haupo.

Kumbe wenzetu walishalipima hili zamani. Mtafiti Norman Mackworth wa Uingereza aliwakalisha watu mbele ya kitu kama saa, mshale unaruka hatua ndogo ndogo, mara chache unaruka hatua mbili, nao waseme wakiona. Tatizo lilitokana na wanajeshi wa rada waliokuwa wakitafuta nyambizi wakati wa vita. Matokeo yake ya mwaka 1948 yanaonyesha kwamba ndani ya nusu saa tu watu walishaanza kukosa kuona. Watu wazima, wanajua wanapimwa.

Sasa chukua hilo uliweke barabarani. Mei 2016 huko Florida, Marekani, Tesla iliyokuwa ikijiendesha kwa mfumo wao wa Autopilot ilipita chini ya tela la lori lililokuwa linakatiza barabara, dereva akafa. Bodi ya usalama wa usafiri ya kule, NTSB, ilikuta kwamba katika dakika 37 ambazo mfumo ulikuwa umewashwa, mikono yake iligusa usukani kwa sekunde 25 hivi. Desemba 2023 kampuni ilirekebisha programu kwenye magari zaidi ya milioni mbili kule Marekani ili imkumbushe dereva zaidi. Tuseme kumwongezea msimamizi kengele. Mi kengele ingenisaidia dakika kumi, halafu ningeizoea kama Mjomba alivyomzoea yule mdada.

Wataalamu wanayapanga magari haya kwa ngazi, sifuri mpaka tano. La Mjomba ni ngazi ya pili: linaendesha yeye, kesi ni yako. Ngazi ya tatu unaruhusiwa kuangalia pembeni kweli. Mercedes-Benz walianza kuuza hiyo Ujerumani mwaka 2022, kwenye barabara kuu maalumu tu na kwa mwendo usiozidi kilomita 60 kwa saa. Wajerumani na lami yao ile, mistari imenyooka, hakuna ng'ombe, wakaanzia 60. Sisi tulikuwa tunatafuta 80 usiku kwenye matawi.

Msinielewe vibaya, sisemi teknolojia ni shetani. Gari lile lina kingine ambacho nakipenda: Mjomba akiendesha mwenyewe akavuka mstari bila indiketa, linalia. Akimkaribia sana mtu, linalia. Hapo mtu anafanya na mashine inasimamia, na mashine haiwazi boom. Ile nyingine imegeuza, mashine inafanya na binadamu anasimamia, yaani wamempa kila mmoja kazi asiyoiweza. Hii niliieleza Mjomba Jumapili mezani, kwa heshima zote, Anti akiwa jikoni. Alisikiliza. Akasema, "Mama, lakini mgongo unapumzika sana." Nayo ni kweli, kilomita mia nne na zaidi kwa mtu wa umri wake sio mchezo.

Jana kapiga simu. Mwisho wa mwezi anakuja tena Dodoma, amesema atanichukua nikamsalimie bibi, na amenunua machungwa ya njiani. Alicheka, na mimi nikacheka. Nimemwambia, shikamoo Mjomba, nitakujibu. Hapa nimefungua simu naangalia nauli ya SGR na salio langu, na salio linaniambia nipande gari.

Ngoja nilale, kesho saa moja nina kipindi cha saikolojia.