Nilisema "tayari ziko ndani"... kumbe!

Najua nimepotea. Bumu lilichelewa, majaribio yakafuatana, na juu ya hayo nilikuwa na kesi. Sio ya polisi, kesi ya kikundi. Leo acha niimwage yote.

Sisi wa ualimu, kabla hatujapelekwa shule za kweli kwenye BTP, tunafundishana wenyewe kwa wenyewe. Unasimama mbele dakika 12, wenzako wanajifanya Form Two, mhadhiri amekaa nyuma na karatasi yake. Safari hii akataka kila kikundi kilete video moja ya dakika 20, ionyeshe kila mtu alivyoanza somo, alivyouliza maswali na alivyofunga. Sisi tuko sita. Kazi ya kuediti nikapewa mimi, si kwa ufundi, ila laptopu yangu ndiyo pekee inayowaka bila kuombewa dua.

Kamera nikaazima kwa binamu yangu, yeye anapiga video za harusi na sendofu. Akanipa na memori kadi yake ya GB 64, kwa sharti moja: Jumamosi asubuhi anaitaka, ana kazi.

Sasa kwenye kikundi yupo dada mmoja wa Jiografia. Tangu mwaka wa kwanza huyu dada akisimama mbele ya watu sauti inakauka, mikono inatetemeka mpaka chaki inadondoka. Siku ile akafundisha mvua za milimani. Akachora Kilimanjaro ubaoni, akaeleza kwa nini upande wa kusini, kule Moshi na Marangu, unapata mvua nyingi kuliko upande wa kaskazini. Halafu akatoa simu yake, akahemea kioo, akaizungusha tuone ule ukungu. "Hewa yenye unyevu imekutana na kitu cha baridi, imefanya nini?" Jamani, tulisahau kwamba tunaigiza. Hakutetemeka hata kidogo. Tulipotoka akaniambia, "Kaka, hiyo ukimaliza nipe, nataka nimtumie mama."

Usiku nikachomeka kadi, nikafungua Kdenlive (natumia hiyo kwa sababu ni ya bure, sina sababu nyingine ya kisomi), nikaimpoti klipu zote sita moja kwa moja kutoka kwenye kadi. Zikajipanga na vipicha vyake. Nikizicheza zinacheza, nikizikata zinakatika. Nikasevu. Usiku wa pili hivyo hivyo. Sasa mtu akikuuliza kama zimeingia utajibu nini?

Jumamosi saa 1 asubuhi binamu yuko getini. "Umeshatoa vitu vyako?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Tayari kaka, ziko ndani." Akaifomati pale pale akiwa juu ya bodaboda.

Jumapili usiku nafungua mradi, naletewa orodha ya mafaili yasiyoonekana. Yote sita. Nilihisi tumbo linaniendesha, sitanii.

Kumbe ukiimpoti, programu hainakili chochote. Inaandika anwani tu, kwamba klipu hii iko diski E, folda fulani, jina fulani. Nililifungua lile faili la mradi kwa Notepad nikaona mwenyewe, ni maandishi matupu, halifiki hata MB 1, wakati video zenyewe zilikuwa zaidi ya GB 20. Ni sawa na kuagiza gari Japani, ukapokea karatasi zake ukaanza kuwatangazia majirani una gari, na lenyewe bado liko Yokohama. Mimi nasoma Kiswahili na hilo neno "kuingiza" limenidanganya mchana kweupe. Halafu ndiyo nikaelewa kwa nini mwaka jana mradi wa watu wengine uligoma kufunguka steshenari: flashi yao ilikuwa E kwenye laptopu, kule ikasomeka F. Sisi tuliwacheka.

Kilichoniokoa nusu ni uzembe wa laptopu yangu. Klipu nyingine zilikuwa zinakwama kwama, nikazitengenezea proksi, yaani nakala ndogo nyepesi za kufanyia kazi. Hizo programu inazitengeneza kweli kweli na kuziweka kwenye diski ya kompyuta. Klipu nne zilikuwa na proksi. Zina ukungu kidogo lakini mtu unamtambua. Mbili hazikuwa nazo: yangu, na ya yule dada.

Nikamfuata binamu, tukajaribu PhotoRec, programu ya bure ya kufukua vilivyofutwa. Lakini inafukua kile ambacho hakijaandikiwa juu, na sendofu ilikuwa imekaa pale pale zilipokuwa klipu zetu. Tulichopata ni mabaki ya sherehe za nyuma: keki, na mjomba mmoja asiyejulikana ni wa nani anacheza peke yake.

Kumwambia yule dada ndiyo ilikuwa shughuli. Nilizunguka kantini mara tatu. Nilitegemea anifokee, akasema "sawa" tu, akaendelea na chai yake. Baadaye usiku akanitumia ujumbe: "Nilikuwa nimeshamwambia mama anakuja kuniona nafundisha." Heri angenifokea.

Mhadhiri nilimweleza ukweli, akatupa mpaka Ijumaa, tukarudia masomo mawili. Safari hii nilifungua folda kwanza, ndani yake nyingine ya video, ya sauti na ya picha, nikanakili kila kitu kutoka kwenye kadi, nikafananisha ukubwa wa mafaili, nikabadilisha yale majina ya MVI nikaandika ya watu. Majina unabadilisha kabla ya kuimpoti, maana ukibadilisha baadaye anwani inapotea vile vile. Nikanakili tena kwenye flashi, na nyingine kwa jirani chumba cha pili. Hapo ndipo nikafungua Kdenlive. Tulipomaliza nikatumia ile sehemu yake ya kuhifadhi mradi pamoja na klipu zote kwenye folda moja.

Somo la pili la yule dada halikuwa kama la kwanza, nisidanganye. Alitetemeka mwanzoni, na kwenye kioo cha simu alicheka kabla ya muda. Lakini alifika mwisho, na video nikampa kwa flashi. Sikutuma kwa WhatsApp, ingebanwa ikaharibika.

Mama yake ameiona. Kapiga simu, kafurahi, ila akauliza yule mwanafunzi wa mbele mbona anasinzia mwalimu akifundisha. Ni mimi.