Subaru, baridi ya Uingereza na ada ya Januari

Ndugu msomaji, leo siasa naziweka kando kidogo. Naomba tuongelee matairi. Usikimbie! Kuna hela ndani yake, na kuna roho ya mtu.

Nina kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi kusini mwa Uingereza kama mimi. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku, na anarudi nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Ana Subaru Impreza ya bluu, ile yenye tabo, rimu za inchi 17, na matairi ya kiangazi ya mwendo kasi. Anavyolipenda hilo gari, mbele ya shemeji hatuzungumzii.

Oktoba iliyopita matairi yalikuwa yanaelekea kuwa vipara. Alipouliza bei ya seti nzima akatajiwa pauni 500 na ushee. Na Januari, kama mnavyojua, ni mwezi wa ada. Mdogo wetu wa mwisho yuko sekondari Morogoro, na anayemlipia ni huyu huyu mwenye Subaru. Akanipigia simu: "Mdogo wangu, wewe si mwandishi? Kazi yenu kuuliza. Hebu niulizie kama haya matairi ya baridi si ujanja wa wazungu kutula hela."

Nikaona swali la haki kabisa. Nikaingia kazini.

Tuanze na hali ya hewa. Baridi ya huku siyo ile ya Finland, nchi ambayo kiwanda kilichokuja kuitwa Nokian kilitoa tairi la kwanza la theluji duniani mwaka 1934. Huku kusini theluji inaweza kuanguka siku chache tu, na miaka mingine haishiki hata ardhi. London mchana wa Januari ni kama nyuzi joto 8, usiku zinashuka hadi 2 au 3, na alfajiri nyingine ni sifuri au chini yake. Sheria ya Uingereza haimlazimishi mtu kufunga matairi ya baridi, tofauti na Ujerumani, ambako ni lazima barabara ikiwa na theluji au barafu. Kwa hiyo wengi wanasema: theluji haipo, basi mjadala umekwisha.

Umekwisha? Ngoja kwanza.

Theluji ni sehemu ndogo ya habari hii. Habari kubwa ni mpira wenyewe. Tairi la kiangazi la gari la kasi limeundwa kwa mpira unaofanya kazi vizuri ukipata joto. Joto likishuka, mpira unakakamaa. Watu wa matairi wanapenda kutaja nyuzi 7 kama mpaka. Namba hiyo siyo ukuta, hakuna tairi linalogeuka jiwe ghafla kipimo kikisoma 6. Lakini kadiri unavyoshuka kuelekea sifuri, lile tairi lililokuwa linang'ang'ania lami mwezi wa Julai linaanza kuteleza, hasa lami ikiwa na maji. Na matairi ya mbio hasa, yale yenye mpira wa kunata kuliko yote, baadhi ya watengenezaji wanaonya yasitumike kabisa kwenye baridi kali, maana mpira unaweza kupata nyufa.

Sasa fikiria lami ya saa kumi na moja alfajiri, mvua imekatika usiku, gari limelala nje na matairi ya baridi kama maji ya friji. Hakuna theluji hata chembe. Ukiangalia dirishani unaona barabara nyeusi, nzuri, inayong'aa. Hiyo ndiyo barabara ya kaka yangu siku tano kwa wiki.

Hoja yake kubwa ilikuwa hii: "Hii ni Subaru, inasukumwa na magurudumu yote manne. Haitelezi."

Jamani, hapa ndipo tunapodanganyana. Magurudumu manne kusukuma gari kunakusaidia kuondoka. Kusimama ni habari nyingine. Kila gari, hata kigari cha kwenda sokoni, lina breki kwenye magurudumu manne. Ukikanyaga breki, kinachokushika ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja chako. Tena gari lenye nguvu linakupa ujasiri wa uongo: linaondoka kwenye lami yenye maji bila kusuasua, unasahau kwamba barabara ina utelezi, mpaka kona inapokukumbusha.

Akanijibu kwa Safari Rally. Nilijua atafika huko. Wengi wetu mapenzi ya Subaru yalianzia pale: Colin McRae alishinda Safari mwaka 1997 na Impreza, Richard Burns akashinda mwaka 2000. Nikamwambia vizuri kaka, sasa twende Monte Carlo. Mashindano hayo hufanyika Januari kwenye milima ya kusini mwa Ufaransa, na dereva anaweza kukutana na lami kavu, maji na barafu katika kipande kimoja cha barabara. Timu hutuma watu kupita mapema kukagua barafu iko wapi, ndipo wanachagua matairi. Mabingwa wa dunia wenye magari ya nguvu kuliko yake wanakosa usingizi kwa ajili ya tairi. Sisi ni nani?

Akanyamaza kidogo. Nikajua ameelewa.

Sasa, achague nini? Njia ni tatu.

Ya kwanza ni seti mbili: ya kiangazi, na ya baridi kuanzia Novemba hadi Machi. Kwa mpenda gari hii ndiyo bora. Lakini inataka rimu za pili na mahali pa kuhifadhi, naye anakaa ghorofa ya tatu. Wengi hupunguza gharama kwa kufunga rimu ndogo zaidi wakati wa baridi. Ila kwenye Impreza za STI zenye breki kubwa za Brembo, rimu ya inchi 16 kwa kawaida haiingii, inagonga breki. Pima kabla hujalipa.

Ya pili ni kubaki na ya kiangazi na kuendesha taratibu. Kwa mtu anayetoa gari Jumapili mchana tu, na siku ya baridi kali analiacha, naielewa kabisa. Kwa mtu wa zamu ya usiku, hapana.

Ya tatu ni matairi ya misimu yote. Zamani wapenda magari waliyadharau, lakini mambo yamebadilika, hasa tangu Michelin walipotoa CrossClimate mwaka 2015 na wengine wakaongeza bidii. Kwenye joto hayafikii tairi la kiangazi la mbio: usukani unakuwa mzito kidogo kuitika, na kwenye lami kavu breki inakwenda mbali zaidi. Kwenye theluji nzito hayafikii tairi halisi la baridi. Lakini kwa nchi ambayo baridi yake ni mvua na nyuzi 4, yanatosha.

Ukienda dukani, usisome jina tu, soma ubavu wa tairi. Tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo inapatikana kwa kupimwa kwenye theluji. Herufi M+S peke yake ni maneno ya mtengenezaji tu. Angalia herufi ya spidi: V ni kilomita 240 kwa saa, W ni 270. Angalia tarakimu nne za tarehe: 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Na baridi ikianza pima upepo, kwa sababu unapungua kama PSI 1 kila joto likishuka nyuzi 5 au 6.

Kulikuwa na njia ya nne, na karibu aifuate: matairi mawili ya mtumba, afunge mbele, nyuma abaki na yaliyokuwepo. Sheria ya huku inaruhusu kuuza mtumba wenye kashata zisizopungua milimita 2. Lakini kwenye gari la magurudumu manne, matairi yaliyotofautiana kuisha yanazunguka kwa mwendo tofauti na kuitesa difu. Anaokoa pauni 200 leo, kesho analia kwa fundi.

Mwishowe alinunua manne ya misimu yote, yenye alama ya mlima, pauni 480 na kufungiwa. Ada ya Morogoro ililipwa kwa awamu mbili badala ya moja, na mama mkubwa alilalamika wiki nzima. Nilimwambia mama, ada ya muhula ujao inategemea mtu huyu afike nyumbani kila alfajiri. Hakunijibu, ila kulalamika kuliisha.

Na ninyi mlioko Dar na Mombasa msicheke. Magari mengine ya mtumba kutoka Japani hushuka bandarini na matairi ya theluji, ubavuni yameandikwa STUDLESS. Mtu anaona kashata nene, anafurahi. Mpira ule laini uliundwa kwa barafu, kwenye lami ya nyuzi 33 unanesa na kulika haraka. Ni kosa lile lile, limegeuzwa tu: kulitazama gari na kusahau barabara na hewa yake.

Kabla ya kulala leo, toka nje na tochi, usome ubavu wa tairi lako. Ni dakika tano tu.

Tuko pamoja.